Funguo Mbili za Ghala la Chumvi

Hapo zamani, wakati chumvi ya nchi yetu ilikuwa bado inazaliwa motoni na haijapata kulijua jua, palikuwa na mji ukiitwa Butinda. Sogeeni karibu mnisikilize vizuri, maana mwisho wa habari hii nitawauliza jambo, na aliyesinzia hana ruhusa ya kujibu.

Butinda haikuwa na ardhi ya kujisifia. Mtama wake ulikuwa mfupi, ng'ombe wake wembamba. Lakini chini ya mlima, penye tope jeupe, palikuwa na visima vya maji ya chumvi. Maji hayo yakichotwa, yakitiwa vyunguni, yakichemshwa kutwa nzima, chini ya chungu hubaki chumvi. Chumvi ile ikifungwa kwenye magome ya miti ilikwenda mbali, na iliporudi ilirudi ikiwa jembe, ilirudi ikiwa mbuzi, ilirudi ikiwa nguo, ilirudi ikiwa mtama wa watu wa bondeni. Ndiyo maana watu wa Butinda walizoea kusema, "Wenzetu wanalima, sisi tunapika."

Na mpishi hana shibe ya kuni. Wakakata miti ya karibu, wakaimaliza. Wakakata ya mbali kidogo, wakaimaliza. Wakakata ya mbali zaidi, hata ikawa mwanamke akiondoka kwenda kuni mtoto wake mchanga anaachiwa jirani, maana hakuna ajuaye atarudi saa ngapi. Mwisho ukabaki msitu mmoja tu, ule uliokaa juu ya mlima, juu kabisa ya visima.

Sasa, mji ule ulikuwa na ghala. Kila aliyepika chumvi alitoa fungu akaliweka humo. Njaa ikija, ghala linafunguliwa, chumvi inatoka, mtama unaingia. Na mtu akitaka kuanza kazi lakini hana kitu, huenda ghalani akakopa mizigo ya chumvi, akanunua vyungu, akaajiri watu, akipata anarudisha na nyongeza kidogo. Ghala lilikuwa ndilo tumbo la mji.

Lakini tumbo hilo liliwahi kuumwa. Enzi za mtemi aliyetangulia, mtunza ghala alikuwa akiwakopesha anaokunywa nao pombe. Huyu ni rafiki, achukue. Huyu ni shemeji, achukue. Huyu kanisifia jana mbele ya watu, naye achukue. Ukame ulipokuja, watu wakakimbilia ghalani na vikapu vyao. Mlango ukafunguliwa, wakakuta magome matupu na panya. Mwaka ule Butinda ilizika watu hadi wazikaji wakachoka.

Kwa hiyo Kasanda alipokuwa mtemi, jambo la kwanza alimwita mhunzi. Akasema, "Nifulie makufuli mawili ya mlango mmoja." Yalipokwisha, kwa kuwa mji ulikuwa na koo mbili, ufunguo mmoja akampa mwanamume wa ukoo wa juu, na wa pili akampa mwanamke wa ukoo wa chini, ili mmoja asiweze kufungua bila mwenziwe. Kisha akasimama mbele ya watu akatoa sheria.

"Mtu asikope bila dhamana," alisema. "Na dhamana iwe kitu cha kufungwa kamba kikavutwa, au cha kushikwa mkononi kikaonekana uzito wake. Maneno matamu si dhamana. Na mtu asikope ili akakate msitu wa mlimani, maana mizizi ile ndiyo inayoushika mlima usituangukie visimani. Sheria hii ni ya wote. Hata mimi nikija peke yangu, nisifunguliwe."

Watu wakapiga vigelegele. Walikuwa hawajawahi kumsikia mtemi akijifungia mlango mwenyewe.

Mwanamume aliyepewa ufunguo aliitwa Luhende. Luhende alikuwa mtu ambaye hata salamu aliitoa kwa kipimo. Ukimsalimu neno moja atakujibu neno moja, ukimsalimu mawili atakujibu mawili. Mwanamke aliitwa Nyamizi. Yeye alipika chumvi tangu usichana, macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, na kucheka kwake kulisikika visimani hadi sokoni. Hawakufanana hata kidogo, lakini miaka ikapita na ghala likajaa.

Siku moja akaja Sizya. Sizya alikuwa mdogo wake mtemi, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwa na meko mengi kuliko mtu yeyote pale mjini, na mengi yalikuwa yamepoa kwa kukosa kuni. Akasimama mlangoni pa ghala na vijana wake nyuma.

"Mzee Luhende, nataka mizigo ya kuajiri wakataji," akasema. "Ng'ombe wangu wa dhamana wale pale, wahesabu."

"Wakataji wa kukata wapi?"

"Mlimani. Kuna msitu wa bure pale, sisi tunakufa kwa kukosa kuni."

"Basi rudi na ng'ombe wako, bwana. Ghala halikopeshi shoka la mlimani."

Sizya akacheka. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua," Luhende akajibu. "Na kufuli nalo halijui kabila wala ukoo. Nenda salama."

Nyamizi alikuwa amesimama pembeni, akafurahi moyoni. Sizya akaondoka, na kuondoka kwake hakukuwa kwema.

Baada ya siku chache akaja mwanamke mmoja, jina lake Kalunde. Kazi yake ilikuwa kufinyanga vyungu vya kupikia chumvi. Hakuwa na ng'ombe wala mbuzi. Alikuwa na mume anayeitwa Mihambo, mchotaji wa maji visimani, na mikono yake miwili. Kwenye jani la mgomba alikuwa amebeba kitu, akakifunua mbele ya Luhende na Nyamizi. Ilikuwa chumvi, lakini chumvi ambayo hawajaiona. Ya Butinda ilikuwa ya kijivu, ina ladha ya majivu. Hii ilikuwa nyeupe.

"Umeipika kwa kuni gani?" Nyamizi akauliza, akiilamba kidoleni.

"Sikuipika, mama. Niliacha maji ya chumvi kwenye gae pana la chungu kilichopasuka, juani, kiangazi hiki. Jua likayanywa maji, likaniachia chumvi. Nikafanya tena, ikawa hivyo hivyo. Sasa nataka kutengeneza majaruba, vitalu bapa vyenye kingo, pale uwandani, niyakandike kwa udongo wangu wa vyungu usiovuja, nijaze maji ya visima, nilikabidhi jua kazi. Hakuna kuni hata kijiti. Lakini nahitaji watu wa kuchimba na watu wa kuchota. Nikopesheni."

Nyamizi aliiona chumvi ile akawaona wanawake wa mji mzima wametua mizigo ya kuni. Lakini Luhende akauliza, "Dhamana yako?"

"Nina vyungu vyangu."

"Chungu hakiwekwi dhamana, binti yangu. Kikivunjika, utakuwa umeweka nini?"

"Nina kazi hii mnayoiona."

"Naiona. Kiganja kimoja cha chumvi. Mvua ikinyesha kwenye majaruba yako, mji utakula nini? Samahani, siwezi."

Kalunde alipokwenda zake, Nyamizi akamgeukia Luhende. "Kaka, yule mwanamke tungemsaidia. Hatuoni kwamba miti inakwisha? Tukiendelea kupika hivi, hata usipomkopesha Sizya, kuna siku watu wenyewe watapanda mlimani kwa njaa ya kuni."

Luhende akamjibu, na jibu hili mlishike. "Dada Nyamizi, sheria haina macho. Ndiyo maana haikumwona Sizya kuwa ni ndugu wa mtemi. Leo unataka iote macho ili imwone Kalunde kuwa ni maskini? Ikiota macho kwa ajili yake, kesho itawaona na wengine."

Nyamizi alijua Luhende amesema kweli, na alijua kweli ile haitamwashia mtu jiko.

Haukupita muda, vijana wa Sizya wakamvizia Luhende akitoka shambani. Wakampiga fimbo, wakamvunja mguu, wakamwacha kwenye majani. Watu wakambeba hadi nyumbani. Mtemi Kasanda alipopata habari alikuja mwenyewe kumwona.

"Ni mdogo wako," Luhende akamwambia, meno yameumana kwa maumivu. "Niliwatambua."

Mtemi akainamisha kichwa. "Sizya ana damu ya moto. Nitamwonya."

"Kumwonya tu, Mtemi?"

"Ni mdogo wangu, Luhende. Mama bado yu hai. Nipe nafasi."

Luhende hakubishana. Akasema, "Basi chagua mtu wa ukoo wangu ashike ufunguo mpaka nipone." Mtemi akasema atachagua. Siku zikapita, hakuchagua, maana kila jina lililotajwa Sizya alilipinga, na mtemi alikuwa amechoka kugombana na ndugu yake. Mwisho akatuma neno: ufunguo akae nao Nyamizi kwa muda.

Luhende akautoa chini ya mto, akamwekea Nyamizi kiganjani, akamfumba vidole.

"Nakukabidhi ufunguo, dada. Sijakukabidhi ruhusa."

"Nimekusikia, kaka," Nyamizi akasema.

Na kweli alikuwa amesikia. Alikaa nazo zile funguo mbili shingoni, zikigongana kila alipoinama kuchochea moto. Siku moja alikuwa njiani akamkuta msichana wa jirani ameanguka chini ya mzigo wa kuni, shingo imepinda, hawezi kusimama. Nyamizi akamwinua, akambeba mgongoni hadi kwao. Kesho yake mchana, watu wote wakiwa visimani, akaenda ghalani. Akafungua kufuli la kwanza. Akafungua kufuli la pili. Akamwita Kalunde.

"Chukua. Usiniulize kitu. Tengeneza majaruba yako."

Kalunde akaziangalia funguo. "Mzee Luhende amekubali?"

"Nimesema usiniulize kitu."

Na Kalunde hakuuliza tena. Hilo nalo mlikumbuke.

Akaajiri wachimbaji. Akakandika, sakafu ya majaruba ikapondwa kwa mawe hadi ikalia kama ngoma. Mihambo mumewe akawa anachota maji visimani na kuyaleta, huku wenzake wakimcheka: "Mihambo anamwagilia shamba la mawe!" Yeye alikuwa akiwajibu, "Nacheka nanyi, lakini jioni narudi kwa mwenye shamba." Maji yakaanza kuwa mazito. Ukingoni ukatokea utando mweupe. Na hapo hapo, kiangazi katikati, ikanyesha mvua ya kupotea, mvua moja tu isiyokuwa na mwenyewe. Asubuhi Kalunde akakuta majaruba yamejaa maji ya kunywa ng'ombe.

Akaenda kwa Nyamizi, akakaa chini. "Mama, imekwisha. Siwezi kukulipa."

Nyamizi akafikiri. Akimwacha, mizigo ya ghala imepotea na hakuna kilichopatikana. Akimwongezea, pengine itarudi yote. Wanangu, hivyo ndivyo mlango unavyofunguliwa mara ya pili: mara ya kwanza kwa huruma, mara ya pili kwa hofu. Akafungua tena. Kalunde akayakausha majaruba, akaanza upya, na safari hii akaweka mikeka ya kufunikia. Jua likafanya kazi yake. Kabla kiangazi hakijaisha, akakwangua chumvi yake ya kwanza, nyeupe, mizigo kadhaa, pasipo moshi.

Lakini Sizya hakuwa kipofu. Alijua Kalunde hana ng'ombe, na alijua Luhende angali kitandani. Akamfuata Nyamizi mekoni kwake, akachuchumaa kama mtu anayeomba moto.

"Shikamoo mama. Naona ghala siku hizi linakopesha wasio na dhamana."

Nyamizi akasukuma kuni mekoni.

"Mimi nina dhamana," Sizya akasema taratibu. "Nina ng'ombe, wanavutika kwa kamba. Sasa, ama unifungulie na mimi, ama niende barazani niseme kwamba mama Nyamizi ameiba chumvi ya mji. Watakufukuza. Na yule mfinyanzi wako watamvunjia majaruba yake kabla hayajazaa tena. Chagua."

Nyamizi angeweza kukataa. Angeweza kwenda kwa Luhende akamwambia yote. Angeweza kwenda kwa mtemi, ingawa alijua mtemi hamfanyi kitu ndugu yake. Aliwaza majaruba, akawaza chumvi ile nyeupe, akawaza shingo ya yule msichana wa kuni. Akafungua mara ya tatu.

Sizya akaajiri wakataji kutoka ng'ambo. Mtemi alisikia mashoka yakilia mlimani. Mji mzima ulisikia. Mtemi akatuma mtu aulize, Sizya akajibu kwamba amekopa ghalani kwa dhamana kama kila mtu. Na mtemi, badala ya kupanda mwenyewe kwenda kuzuia, akasema, "Kama ghala limemkopesha, basi walinzi wa ghala wameona sawa." Nusu ya msitu ikalala chini.

Masika yakaja. Mvua ya kwanza, mlima ukatoa vijito vyekundu. Mvua ya pili, ukatoa mawe. Asubuhi moja, watu wakiwa visimani, ulisikika mngurumo, na upande ule uliokatwa ukashuka wote, udongo na magogo, ukavifukia visima vya upande wa mashariki. Watu waliruka, wakakimbia, wakaokoka. Mmoja hakuokoka. Alikuwa ameshuka kisimani na kibuyu chake, akiwachotea wapishi maji ya chumvi. Ni Mihambo.

Walimchimbua kwa mikono. Kalunde alichimba pamoja nao hadi kucha zikatoka damu, na walipompata, alimfuta tope usoni kwa kanga yake, polepole, kama anavyolainisha mdomo wa chungu.

Siku ya maziko Luhende alikuja kwa mara ya kwanza, akichechemea kwa fimbo. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, kabla watu hawajatawanyika, Nyamizi akasogea mbele. Hakuna aliyemwita. Akavua zile funguo mbili shingoni, akaziweka chini.

"Mimi ndiye niliyefungua," akasema. "Nilimfungulia Kalunde, mara mbili. Kisha nikamfungulia Sizya ili asiniseme. Huyu aliyelala hapa ameuawa na shoka la Sizya na ufunguo wangu."

Luhende akazitazama funguo, akamtazama Nyamizi. Hakumtukana. Alisema tu, "Nilikufumba vidole, dada," akaokota ufunguo wake mmoja, akaenda zake. Wa pili akaushika mwanamke mwingine wa ukoo wa chini.

Watu walitaka hukumu hapo hapo. Mtemi akasema, "Mvua imeozesha mtama wa bondeni. Njaa inakuja. Tuvuke kwanza, tuhukumiane baadaye."

Na njaa ikaja. Watu wa bondeni walikuwa na mtama kidogo, na hawakuwa tayari kuuachia ila kwa chumvi nyingi. Butinda ilikuwa na visima nusu. Kuni hakuna, magogo ya Sizya yamelala chini ya udongo. Meko yakazimika moja moja. Kalunde alikuwa ndani kwake amejifunika. Wanawake wakaenda, wakakaa mlangoni pake. Siku ya pili wakaenda tena. Siku ya tatu akatoka, akafunga kanga kiunoni, akaelekea uwandani bila kumwangalia mtu. Wakamfuata. Akawafundisha kukandika, akawafundisha kupima uzito wa maji kwa kidole, akawafundisha saa ya kufunika na saa ya kufunua. Kiangazi kile uwanda wote ulimeta. Chumvi ikaenda bondeni, mtama ukapanda Butinda. Watu walikonda, lakini mji haukuzika mtu kwa njaa. Na Kalunde akarudisha ghalani kila alichokopa, na nyongeza yake.

Ndipo mtemi akaitisha baraza. Sizya akatozwa ng'ombe, akafukuzwa nchini. Naye mtemi akatoa ng'ombe wa zizi lake mwenyewe, akampa Kalunde, akasema mbele za watu, "Nilijifungia mlango, kisha ndugu yangu nikamwachia dirisha. Laiti ningemshika siku ya mguu wa Luhende, yasingefika ya Mihambo."

Kisha akaleta kigoda, akakiweka katikati.

"Ghala limejaa kuliko zamani," akasema. "Kila mtu anataka jaruba. Mlima unataka kupandwa miti upya, na kupanda kunataka watu na watu wanataka kula. Wengine bado wanataka kuni. Nahitaji mtu mmoja wa kukaa hapa, juu ya wenye funguo, aseme ghala likopeshe nini na likatae nini. Neno lake nitalitii hata mimi. Watatu wametajwa. Waseme."

Luhende akasimama kwa fimbo yake.

"Sina maneno mengi. Nilipewa sheria, nikaishika. Nilimkataa ndugu wa mtemi nikavunjwa mguu. Nilimkataa Kalunde nikaitwa mwenye roho ngumu. Sheria ile ingeshikwa, msitu ungekuwa umesimama wote, na Mihambo angekuwa amekaa pale na mkewe. Mnasema jaruba limetuokoa na njaa. Je, nusu ya njaa ile haikuletwa na visima kufukiwa?"

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Kweli tupu."

Kalunde akasimama.

"Mzee Luhende, nakuheshimu. Lakini nilikuletea chumvi isiyo na kuni, ukaniuliza ng'ombe. Kama mlango ule usingefunguliwa, leo tungekuwa tunapanda mlimani sote, mmoja mmoja, na panga na shoka, hadi tumalize. Sizya alikata kwa pupa. Sisi tungekata kwa shida, na mlima usingejua tofauti. Mimi najua udongo, najua jua, najua kazi ikiwa changa inafananaje. Akija mtu na kiganja kimoja, nitakitambua." Akamtazama Nyamizi. "Lakini msiniambie nimsifu mama Nyamizi. Sijui kama nimshukuru au nimlaani. Mimi mwenyewe niliziona funguo mbili kwenye mkono mmoja, na nikachukua."

Akakaa.

Nyamizi hakutaka kusimama. Watu waliofundishwa naye kupika tangu utoto ndio waliomtaja, na ndio waliomsukuma mbele. Alipozungumza, kile kicheko chake hakikuwepo tena.

"Mimi sikiombi kigoda hiki. Wanaonitaja wanasema hivi: Luhende aliona sheria, hakuiona chumvi. Kalunde aliiona chumvi, hakuwa na mlango. Mimi peke yangu niliviona vyote viwili, nikathubutu, na nikasema kosa langu kabla sijaulizwa. Hayo ni yao. Langu ni swali tu. Atakayekaa hapa, siku akija mtu hana ng'ombe, ana kitu ambacho macho yetu hayajakiona, atafanya nini? Na siku akija mtu mwenye nguvu, anayeijua siri yake, atafanya nini? Mimi siku ya kwanza nilijua. Siku ya pili sikujua."

Baraza likagawanyika. Wa ukoo wa juu wakapaza sauti, "Luhende! Mlango usiofungwa ni ukuta ulioanguka!" Vijana wa majaruba wakapaza sauti, "Kalunde! Aliyetulisha ndiye atulinde!" Na wanawake wa kuni, wale ambao shingo zao zilikuwa zimeanza kunyooka, wakasema kwa sauti ya chini lakini kwa pamoja, "Nyamizi. Aliyeanguka kwenye shimo ndiye ajuaye lilipo."

Mtemi Kasanda akasimama, akakizunguka kigoda. Akamtazama Luhende, ambaye mguu wake ulikuwa umeunga vibaya kwa sababu ya uoga wake yeye mtemi. Akamtazama Kalunde, mikono yake imepasuka kwa chumvi. Akamtazama Nyamizi, aliyeinamisha uso. Akafungua kinywa.

Mimi aliyenihadithia aliishia hapo, na nilipomsihi aendelee aliniambia niende nikafikiri. Nimefikiri hadi leo. Basi ninyi mliokaa macho, nisaidieni: mji wenu ungekuwa huo, mlima ungekuwa huo wenye nusu ya miti, na tumbo la watoto wenu lingekuwa ndani ya ghala lile. Aliyeshika sheria mpaka akavunjika, aliyevumbua bila kuuliza, na aliyevunja sheria kwa wema kisha kwa hofu. Je, nani alistahili kukikalia kigoda?